Chupa mbili zisizo na lebo

Samaki wangu 870 walikufa kati ya saa kumi na moja jioni ya Jumanne na alfajiri ya Jumatano. Niliwahesabu mwenyewe nikiwatoa kwa ndoo, kwa sababu sikutaka mtu mwingine awahesabu. Hawakufa kwa ugonjwa. Hawakutiliwa sumu na jirani, kama baadhi ya ndugu walivyoanza kunong'ona kabla hata jua halijachomoza. Niliwaua mimi, kwa chokaa. Na chokaa niliimwaga kwa sababu kipimo cha pH (namba ya asidi ya maji: 7 ni katikati, ikishuka chini yake asidi imezidi) kiliniambia maji yana asidi, na kipimo kilisema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekiharibu siku kumi kabla, nikidhani nakisawazisha.

Imenichukua muda kuweza kuyaandika haya. Nayaandika kwa sababu tangu wakati ule nimekutana na wafugaji wenzangu wengi wenye kipimo cha umbo la kalamu kama kile changu mifukoni, na nikiwauliza mara ya mwisho waliisawazisha lini, wananitazama kama niliyeuliza mara ya mwisho walinoa kijiko lini.

Bwawa langu liko nje kidogo ya Usagara, wilayani Misungwi. Lina urefu wa mita 20, upana wa mita 15, na kina cha mita moja hivi. Udongo ni ule mweusi wa mbuga, unaoshika maji vizuri na kupasuka vibaya kiangazi. Niliingiza vifaranga 1,200 vya sato, kila kimoja shilingi 200. Kufikia mwezi wa tano walikuwa wamefika gramu 200 hivi kila mmoja, na chakula cha kuelea kilikuwa kimeshakula shilingi 1,150,000. Ada ya mwanangu ya muhula uliofuata ilikuwa humo majini ikiogelea. Ndivyo tulivyokuwa tukisema nyumbani.

Kwenye mafunzo ya siku tatu niliyohudhuria, mwezeshaji alisema sato anataka maji yenye pH kati ya 6.5 na 9, na kwamba mfugaji asiyepima maji anafuga gizani. Maneno hayo yaliniingia. Nikampigia simu mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam, akapita Kariakoo, akaninunulia kalamu ya kupimia, ile ya njano, kwa shilingi 35,000. Ilikuja kwenye kiboksi pamoja na bisibisi ndogo kama ya fundi saa na pakiti tatu za unga zilizoandikwa 4.00, 6.86 na 9.18. Kulikuwa pia na karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo kiasi kwamba niliipiga picha kwa simu ili niyakuze.

Niseme kwanza zile pakiti ni za nini, maana mimi sikuelewa, na kutoelewa ndiko kulikonigharimu. Kalamu ya pH haina akili ya kujua maji ni ya aina gani. Kwenye ncha yake kuna kitufe cha kioo chembamba, na kinachotokea pale ni umeme kidogo sana, wa milivolti, unaobadilika kadiri maji yanavyozidi au kupungua asidi. Kalamu inachofanya ni kuugeuza umeme ule kuwa namba. Ili igeuze sawasawa, lazima uionyeshe maji ambayo pH yake inajulikana bila shaka: haya hapa ni 6.86, haya ni 9.18. Maji hayo ndiyo yanaitwa bafa, na kuionyesha huko ndiko kusawazisha. Ukishaionyesha, kila itakachosema baadaye kinatokana na kile ulichoionyesha.

Maelezo yalisema unga wa pakiti moja uyeyushwe kwenye mililita 250 za maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyochemshwa yakawa mvuke, mvuke ukapozwa ukawa maji tena, bila chumvi yoyote ndani. Sikuwa nayo. Nikatumia maji ya kunywa ya dukani. Hilo lilikuwa kosa, ila si lile kubwa.

Kosa kubwa lilikuwa hili. Nilichukua chupa mbili tupu za maji za nusu lita. Moja nikaweka pakiti ya 6.86, nyingine ya 9.18. Ile ya 4.00 niliiacha nikidhani sitaihitaji. Nikatikisa, unga ukayeyuka, na chupa zote mbili zikawa na maji meupe yasiyo na rangi wala harufu. Nikaziweka dirishani jikoni. Hapo hapo nikaitwa: mteja wa mahindi amefika na gari, ana haraka. Nikatoka. Sikuandika chochote juu ya zile chupa. Nilijua ipi ni ipi, ya kushoto ni 6.86, ya kulia ni 9.18, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Asubuhi yake nikachukua ile ya kushoto. Sijui usiku ule nani alizisogeza, kama ni mtoto aliyefungua dirisha au ni mimi mwenyewe nikipanga vyombo. Nilitumbukiza kalamu. Ikasoma 9.1.

Naikumbuka namba ile vizuri. Kalamu ilikuwa mpya, imetoka kiwandani ikiwa karibu na ukweli, na maji niliyoitumbukiza yalikuwa bafa ya 9.18. Ilikuwa inasema kweli. Mimi nikaona, ahaa, hii kalamu imekosea kwa zaidi ya mbili, kumbe ndiyo maana wanasema lazima isawazishwe. Nikachukua bisibisi, nikaizungusha skrubu ya mgongoni taratibu, 8.7, 8.0, 7.3, mpaka ikatua kwenye 6.86. Nikaifuta, nikaifunika, nikajisikia mtaalamu.

Chupa ya pili sikuigusa. Kama ningetumbukiza kalamu humo, ingesoma 4.5 mahali nilipotegemea 9.18, na hata mtu asiyejua chochote angeshtuka. Ni sekunde 30 tu. Nikiulizwa leo ni ushauri gani mmoja nitoe kati ya yote, nitautoa huo: usiiamini kalamu uliyoisawazisha kwa bafa moja mpaka uijaribu kwenye bafa ya pili bila kugusa skrubu. Bafa ya kwanza unaiambia kalamu cha kusema, ya pili ndiyo inayoeleza kama imeelewa.

Siku zilizofuata nikawa napima bwawa kila asubuhi saa kumi na mbili. 5.5. 5.6. 5.5. Kumbe maji yangu yalikuwa na 7.8 au 7.9, maji mazuri kabisa. Mchana kalamu ilikuwa ikipanda hadi 6.6, na hilo lilinichanganya, ila nilikuwa nimeelezwa kwamba pH ya bwawa hupanda mchana kwa kuwa mwani unatumia hewa ya ukaa wakati wa jua, halafu hushuka usiku. Kwa hiyo nikaichukua namba ya asubuhi kuwa ndiyo hali ya bwawa. Samaki walikuwa wanakula vizuri, wananenepa, wanaruka nikirusha chakula. Ilipaswa nijiulize inakuwaje samaki wenye afya namna hii wanaishi kwenye asidi. Sikujiuliza. Niliamini kioo kidogo chenye namba kuliko macho yangu ya miezi mitano.

Dawa ya asidi ni chokaa, hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba chokaa ziko za aina tofauti, na tofauti yake ni ya uhai na kifo. Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Inayeyuka polepole, na hata ukizidisha, haiwezi kuyapandisha maji ya bwawa mbali zaidi ya 8.3 hivi. Chokaa iliyozimwa, ile tunayopakia kuta, ni kitu kingine kabisa: inayeyuka haraka na inaweza kuyafikisha maji kwenye 11 au 12. Hiyo hutumika kwenye bwawa tupu, kabla ya kuingiza samaki, kuua wadudu na magonjwa kwenye tope. Mimi nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi, nikasema nataka chokaa, nikapewa mifuko miwili ya kilo 25.

Jumatatu asubuhi nilimwaga mfuko wa kwanza, nikizunguka bwawa kwa beseni. Jumanne asubuhi kalamu ikasoma 6.2. Nikafurahi kwamba inapanda, nikaona bado kidogo. Nilikuwa na safari ya Mwanza mjini, nikarudi saa nane mchana, na jua kali, nikamwaga mfuko wa pili.

Saa kumi na moja samaki walikuwa juu ya maji wote. Si wale wanaokuja kupokea chakula. Walikuwa wamefumbua midomo, wanayumba, wengine wanazunguka kwa ubavu. Nilimshika mmoja, akanitelezea mkononi kwa ute mzito uliomfunika mwili mzima, na matamvua yalikuwa yamekwajuka. Nikakimbilia kalamu. Ikasoma 7.6.

Nilisimama pale ukingoni na kalamu mkononi, namba nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye bwawa langu, na samaki wanakufa mbele yangu. Sikuwa na pa kushika. Ukijumlisha kile nilichokipunguza kwa bisibisi, maji yale yalikuwa yamefika karibu 9.9.

Baadaye nilielezwa kwamba chokaa haikuua kwa kuunguza peke yake. Samaki wanaolishwa vizuri hutoa uchafu uitwao amonia, na ndani ya maji amonia huwa ya sura mbili. Moja haina madhara makubwa, ya pili ni sumu inayopenya kwenye matamvua. Kinachoamua ni kiasi gani kiwe cha sura ipi ni pH pamoja na joto. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye 8 ni kama asilimia 6 au 7. Kwenye 9 ni kama asilimia 40. Uchafu wa miezi mitano uliokuwa umelala kwa amani kwenye bwawa langu, niliugeuza sumu kwa mchana mmoja.

Mume wangu alikodi pampu kwa jirani, tukavuta maji ya kisima usiku kucha, tukatoa ya bwawani upande wa pili. Samaki 330 walipona. Yeye hakunilaumu hata kwa neno moja, na kwa kweli kimya chake kilikuwa kizito kuliko lawama. Shemeji yangu ndiye aliyesema lililokuwa linawaka kichwani mwangu: "Shemeji, kama maji yalikuwa mazuri, wamekufa na nini?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka shule ya sekondari ya jirani siku ya Alhamisi, na chupa ya maji ya bwawa niliyoijaza mpaka mdomoni bila kuacha hewa, kwa mwalimu wa kemia ambaye nilikuwa namfahamu kwa kumuuzia maziwa. Alinipokea kwenye chumba cha maabara. Akatoa kipimo chake kwenye boksi, akapanga vikombe vitatu vidogo, akaanza kuvimiminia vimiminika vya bafa vyenye rangi: chekundu, cha njano, cha bluu. Mimi nilikuwa na haraka.

"Mwalimu, maji yangu yanaharibika. Yapime tu kwanza."

"Subiri, mama. Mimi na hiki chombo leo hatujasalimiana."

Alikisuuza, akakigusisha kwenye tishu bila kusugua, akakitumbukiza kwenye kikombe cha njano, akangoja. Akangoja sana. Akabonyeza. Akasuuza tena, akaenda kwenye cha bluu. Kisha, bila kubonyeza chochote, akarudi kwenye cha njano kuona kama bado kinasema 7.00. Ndipo akachukua chupa yangu. 9.4. Akachovya pia kipande cha karatasi ya rangi ya kupimia, ikageuka kijani cha kuelekea bluu, akailinganisha na jedwali lake: kati ya 9 na 10.

Nikampa kalamu yangu. Kwenye maji yale yale ilisoma 7.1. Akaitumbukiza kwenye kikombe cha njano, kile cha 7.00. Ikasoma 4.7.

Akaniangalia. "Nani aliirekebisha hii?"

Nilirudi nyumbani kwa bodaboda kuchukua zile chupa mbili, bado ziko dirishani. Ya kushoto, niliyoiita 6.86, kipimo cha mwalimu kilisoma 9.1. Ya kulia ilisoma 6.8. Nilikaa kwenye stuli ya maabara nikalia, na mwalimu akajifanya anaosha vikombe mpaka nilipomaliza. Namshukuru kwa hilo hadi leo.

Jioni ile hakunifundisha kemia. Alinifundisha kusalimiana na chombo, na tangu hapo nimeendelea kujifunza kwa kukosea kadogo kadogo.

Sasa kila chupa ya bafa ina lebo mbili, moja ubavuni na moja kwenye kifuniko, na naandika kwa kalamu ya wino usiofutika: namba, na tarehe niliyoifungua. Nikiweza nanunua bafa zilizotengenezwa tayari zenye rangi, 4.01 nyekundu, 7.00 njano, 10.01 bluu. Ni ghali kuliko unga, lakini jicho linakuokoa kabla mkono haujakosea. Ukitumia unga, yeyusha pakiti moja, weka lebo, kisha ndipo ufungue pakiti ya pili. Mteja wa mahindi atasubiri.

Maji yaliyokenekwa niliyatafuta sana. Wengi hununua maji ya betri kwenye maduka ya vipuri, na mara nyingi yanafaa, ila tafadhali soma lebo mbele ya muuzaji. Rafu hiyo hiyo huwa na asidi ya betri kwenye chupa inayofanana, na hiyo itakuunguza mkono na kuharibu kila kitu. Mimi sasa nanunua duka la vifaa vya maabara mjini, lita tano, na nayatumia kwa kusuuza na kuyeyushia unga tu.

Bafa haimiminwi kwenye bwawa wala kalamu haitumbukizwi kwenye chupa yenyewe. Unamimina kidogo kwenye kikombe, kiasi cha kufunika ncha, unatumia, unamwaga. Nilikuwa na tabia ya kurudisha iliyobaki kwenye chupa, maana pesa inauma. Nikagundua bafa yangu ya 10 imeshuka bila sababu. Ile ya 10 ni dhaifu kuliko nyingine: inavuta hewa ya ukaa kutoka angani, na kila ukiacha kifuniko wazi inashuka. Mimi chupa ya 10 ikishafunguliwa sizidishi mwezi mmoja, hata kama imebaki nusu.

Unaanza na 7. Sababu yake ni kwamba kwenye 7 kifaa kizuri kinatakiwa kutoa umeme unaokaribia sifuri, kwa hiyo pale ndipo unapojua kama kimehama mahali pake. Ukitoka hapo nenda kwenye bafa iliyo upande wa maji yako. Bwawa langu linacheza kati ya 7.5 na 9, kwa hiyo nakwenda 10. Anayepima maji ya asidi aende 4. Kusawazisha kwa 7 na 4 halafu ukapime maji ya 9 ni kupima mahali ambapo chombo hakijawahi kufika.

Baada ya miezi mitatu niliachana na kalamu ya skrubu nikanunua kipimo kizuri zaidi kwa shilingi 280,000, kwa pesa ya wale samaki 330. Hiki kinaonyesha kitu kinachoitwa mteremko, kwa asilimia. Kwenye nyuzi 25, kila hatua moja ya pH inatakiwa kubadilisha umeme kwa milivolti 59.16, na chombo kinakuambia elektrodi yako, yaani ile sehemu yenye ncha ya kioo, inafikia asilimia ngapi ya hiyo. Ikiwa kati ya 95 na 105, nina amani. Ikishuka chini ya 90 naiosha na kujaribu upya, na ikikataa nanunua elektrodi mpya. Elektrodi ni kitu cha kuisha, kama tairi. Weka bei yake kwenye hesabu zako tangu siku ya kwanza, maana mimi sikuiweka.

Kungoja ndiko kugumu kuliko vyote. Namba hukimbia, hupunguza mwendo, halafu husimama. Mtu anabonyeza inapopunguza mwendo. Mimi nahesabu mpaka 60 baada ya kuona imetulia. Na bafa ziwe na joto linalokaribiana na la maji unayoyapima: usiweke chupa juani kwenye boneti la gari, kisha ukapime maji ya alfajiri. Bafa zenyewe hubadilika na joto. Ile ya 10.01 kwenye nyuzi 30 huwa kama 9.97, na ile ya 9.18 huwa kama 9.14. Vipimo vya kisasa hujua hilo vyenyewe, kalamu ya skrubu haijui, na jedwali huwa limechapwa mgongoni mwa pakiti kwa maandishi madogo.

Ile ncha ya kioo isikauke. Kalamu yangu ya kwanza niliihifadhi kavu kabatini, nikidhani naitunza. Inatakiwa ikae kwenye kifuniko chenye matone ya maji ya chumvi ya kloridi ya potasiamu, na ukikuta chumvi nyeupe imeganda pembeni usiogope, suuza tu. Usiihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa, kwa kuwa yanafyonza chumvi iliyo ndani ya elektrodi na kuimaliza taratibu. Ikishakauka, iloweke usiku mzima kwenye maji hayo ya chumvi, na ukikosa, kwenye bafa ya 4. Bwawani hupata utelezi wa mwani. Maji na sabuni laini ya vyombo hutosha, na ukungu mweupe wa chokaa hutoka kwa siki. Usisugue.

Kipimo changu kipya kinapima pia upitishaji wa umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi kwenye maji. Hicho nakisawazisha kwa kimiminika cha mikrosiemens 1,413 kwa sentimita, na hakinisumbui. Niseme jambo moja tu: kianze chenyewe kabla ya pH, kwenye kikombe chake, kwa sababu elektrodi ya pH huvujisha chumvi kidogo na kuharibu kipimo.

Kilichonisumbua ni oksijeni, na hapa kosa lilikuwa la kundi zima. Kikundi chetu cha wafugaji kilichanga kikanunua kipimo cha oksijeni. Hicho husawazishwa hewani, kwenye kikombe chenye sponji lenye unyevu, na chombo hujiambia kwamba hii ndiyo asilimia 100. Lakini asilimia 100 si kitu kile kile kila mahali. Kando ya bahari, maji ya nyuzi 25 yakijaa oksijeni hubeba miligramu 8.26 kwa lita. Sisi tuko kando ya Ziwa Victoria, ambalo liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na maji yale yale hubeba kama 7.2. Chombo chetu kilikuwa kimeachwa kwenye mita 0. Kwa miezi miwili kilikuwa kinatuambia tuna 3.4 alfajiri wakati ukweli ulikuwa 3, na sisi tunashangaa kwa nini samaki hawafuati chakula asubuhi. Niliigundua mimi, nikiwa nasoma kijitabu kurasa zote, kwa sababu sasa nasoma kijitabu kurasa zote. Tuliingiza mita 1,134 na kusawazisha upya palepale ukingoni.

Kwenye soko la samaki, mizani inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na mnunuzi akiona stika imepitwa na wakati ana haki ya kulalamika. Kalamu ya bwawani haina wa kuikagua isipokuwa mwenyewe. Mimi nimeweka daftari. Kila nikisawazisha naandika tarehe, saa, joto, kilichosomwa kwenye 7 kabla ya kubonyeza, na kilichosomwa kwenye 10 kabla ya kubonyeza. Ile "kabla" ni muhimu kuliko "baada", kwa sababu ndiyo inayokuonyesha chombo kimekuwa kikikudanganya kwa kiasi gani tangu mara ya mwisho. Siku ikisoma mbali kwa zaidi ya 0.3, siyaamini maandishi ya juma lililopita, na sifanyi uamuzi wowote wa chokaa, wa maji, wala wa chakula mpaka karatasi ya rangi iafikiane na kipimo. Boksi la karatasi hizo nililinunua kwa shilingi 12,000. Haziwezi kukuambia kama ni 7.8 au 8.0, lakini zinaweza kukuambia kwamba si 5.5.

Mwanangu alikwenda shule akiwa amechelewa wiki tatu, kwa ada ya kukopa kwenye kikoba, na deni lile nililimaliza mwezi Februari mwaka huu. Bwawa sasa lina sato 1,000, wa miezi minne. Zile chupa mbili sikuzitupa. Zimekaa dirishani pale pale, tupu, na mtu akija kuniazima kipimo, kabla sijampa namwambia azishike, anionyeshe ipi ilikuwa 6.86.